Mwongozo kamili: kupeleka kundi baa kula mchana na bia, bila mtu kubaki na bili

Siku niliyojifunza kuandaa lanchi ya kundi ndo siku niliyobaki na bili. Tulianza watu 14, mchana mzuri, nyama imefika masinia mawili yamejaa, bia zinakuja tu, alafu mmoja akapigiwa simu akatoka nje kuongea, wawili wakasema wanarudi sasa hivi, wengine "nitakutumia jioni", kufika saa kumi tupo watatu tunaangaliana na weita kasimama pembeni anajifanya anapanga viti. Tulilipa. Hela nyingine zilirudi, nyingine hadi leo naziona kwenye status za wenyewe wakiwa wanakula sehemu nyingine.

Tangu hapo nimeandaa nyingi sana na karibu kila kinachoharibika saa kumi kilishaharibika kabla mtu hajakaa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni mambo ya kufanya kabla bia ya kwanza haijafunguliwa, maana ikishafunguliwa hamna anayekusikiliza tena.

Hatua ya 1: wawepo wawili, sio kamati

Mmoja ashike oda, mmoja ashike hela. Wawili tu. Kamati ya watu watano itajadili menyu wiki nzima alafu siku yenyewe kila mtu anadhani mwenzake ndo kapiga simu kuweka nafasi. Na mshika hela awe mtu ambaye haoni aibu kudai, usimpe yule mpole wenu ambaye atasema "basi iache tu nitamalizia mimi". Siku hiyo hao wawili wanywe kidogo kuliko wengine, au waanze kunywa baada ya bili kufungwa. Najua haipendezi, ndo kazi yenyewe.

Hatua ya 2: hesabu ya watu

Uliza swali lenye majibu mawili tu, naja au siji, na uweke siku ya mwisho ya kujibu. "Nikipata nafasi" ihesabu kama siji. Anayeandika "in shaa Allah" unamjua mwenyewe. Mimi wakisema 12 naweka nafasi ya 12 ila chakula cha pamoja naagiza cha 10, maana kuongeza sahani ni rahisi kuliko kurudisha sinia.

Idadi inabadilisha mambo mengi. Hadi watu 8 mnaweza kuwa na maongezi mamoja mezani. Kuanzia 9 au 10 meza inajigawa yenyewe, upande ule wanacheka upande huu hawajui kinachochekwa, sio kosa la mtu ni urefu wa meza. Mkizidi 12 omba meza mbili zinazokaribiana, kila moja na bili yake, utakuja kunishukuru kwenye hatua ya bili.

Hatua ya 3: nenda ukaichungulie baa mwenyewe

Usichague baa kwa picha za mtandaoni. Nenda siku ileile ya wiki na saa ileile mtakayokwenda, kaa, agiza sahani moja, alafu tazama saa kuanzia unapoagiza hadi inapofika. Sahani ya mtu mmoja ikichukua dakika 40 jiko likiwa tupu, fikiria oda ya watu 10 jiko likiwa limejaa. Baa nyingi zina watu wengi mbele na wawili tu jikoni.

Ukiwa hapo angalia vitu ambavyo havipo kwenye menyu. Choo, hasa cha kina dada, kipo na kina maji? Kuna mechi siku hiyo? Kama kuna mechi kubwa sauti itakuwa juu na weita wote watakuwa upande wa tivi. Muziki unaanza saa ngapi na spika ziko wapi? Kivuli saa nane kinafika meza ipi? Maana meza iliyo kivulini saa sita inaweza kuwa juani saa nane. Wanapokea malipo ya simu na kadi au keshi tu? Mna mtu wa kiti cha magurudumu au mzee wenu ambaye ngazi zinamsumbua? Benchi ndefu zisizo na mgongo zinapendeza kwenye picha ila kwa masaa matatu mtu mzima mgongo unamuuma.

Alafu muulize mpishi, sio weita, swali moja: hapa watu wanakuja kula nini? Jibu atakalotoa bila kufikiria ndo mtakachokula. Menyu yenye vitu 60 kwenye jiko dogo maana yake vingi vinatoka kwenye friza.

Hatua ya 4: simu ya siku moja kabla

Hii hatua watu wanairuka na ndo inayookoa siku. Chakula kizito cha baa, yaani paja zima, mbavu, mkia, shingo, mchuzi mzito wa nyama, hakiharakishwi. Nyama ya sehemu zinazofanya kazi sana mwilini ina kolajeni nyingi, ile inayofanya nyama iwe ngumu kama kamba, na inahitaji moto wa taratibu kwa masaa hadi igeuke jelatini, hapo ndo nyama inaachia mfupa na mchuzi unanata midomoni. Ukienda saa saba ukaagiza mguu mzima papo hapo utapata moja kati ya mawili, mguu mgumu au mguu wa saa kumi. Kwa hiyo piga simu jana yake, sema idadi, sema mnataka nini, sema saa ngapi kiwe mezani, sio saa ngapi mtafika.

Kwenye simu hiyohiyo uliza kitu ambacho kimewagombanisha wengi: kilo kwenye menyu ni ya nyama mbichi au iliyoiva? Nyama ikiiva inapoteza kama robo hadi theluthi ya uzito wake, kwa hiyo kilo mbichi inaweza kufika mezani gramu 700 na kitu, na hapo hakuna aliyeibiwa. Mahesabu yangu kwa mtu mzima mwenye njaa ni gramu 300 mbichi kama haina mfupa, 450 kama ina mfupa. Watu 8 maana yake kilo 2 na nusu hivi isiyo na mfupa. Punguza kama kuna mchuzi na viazi vingi, ongeza kama mmoja wenu ni yule, kila kundi linaye.

Na saa. Wekeni saa sita na nusu, sio saa saba. Saa saba hadi saa nane kila mtu mwenye njaa yuko hapo na oda yako inakuwa ya kumi na tano kwenye foleni. Nusu saa hiyo inaleta tofauti kubwa kuliko hata ubora wa baa.

Hatua ya 5: nani hali nini

Tuma ujumbe mmoja kwenye grupu: "kuna kitu huli au hunywi? niandikie inbox." Inbox, sio hadharani, maana mwingine hanywi kwa sababu ya dawa, mwingine ana mimba ambayo hajaitangaza, mwingine ni dini, mwingine ameacha pombe na hataki kuhojiwa mbele za watu. Kazi yako ni kuhakikisha ana kitu kizuri cha kunywa, sio kujua kwa nini.

Wasiokula nguruwe uliza jiko kama chombo cha kuchomea na mafuta ya kukaangia ni vilevile. Asiyekula nyama usimwekee chipsi na saladi ukadhani umemaliza, muulizie mpishi maharage, uyoga, jibini, mboga zilizookwa. Na kuna hili ambalo wengi hawalijui, mwenye shida ya gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, hawezi kunywa bia ya kawaida kwa sababu inatengenezwa na shayiri au ngano, na mchuzi mzito mara nyingi umekolezwa na unga wa ngano. Yeye mpangie mapema kabisa.

Hatua ya 6: bili, kabla ya kukaa

Hapa nitakaa kidogo.

Kuna njia tatu. Kila mtu alipe chake, inafaa mkiwa wanne, mkiwa 12 weita atachanganyikiwa na nyinyi pia. Kugawa sawa kwa wote, inafaa kama mnakula na kunywa sawa, kitu ambacho hakipo duniani, kuna aliyekunywa soda mbili na kuna aliyekunywa bia saba na hapo ndo chuki za kimyakimya zinapozaliwa, yule wa soda hatasema kitu ila lanchi ijayo "ana dharura". Njia ya tatu ndo ninayotumia: chakula mnagawa sawa, vinywaji kila mtu na vyake. Chakula kipo katikati na wote wamekichovya mkono, bia kila mtu anajua kaenda ngapi.

Hela ya chakula inakusanywa kabla ya siku. Chukua makadirio ya menyu, ongeza asilimia 15 kwa sababu kuna maji, kuna sahani ya ziada, kuna sehemu nyingine wanaongeza gharama ya huduma juu ya bei, gawa kwa waliosema wanakuja. Ambaye hajatuma hadi jana yake, kiti chake hakipo. Inasikika kikatili ila ukifanya mara moja, mara ya pili wanatuma wenyewe. Ikibaki chenji inaenda kwa weita au kwenye lanchi ijayo, tangazeni mapema ni ipi.

Vinywaji, muombe weita afungue karatasi ya kila mtu, au kama baa haina utaratibu huo tumia wa zamani, chupa tupu zisiondolewe mezani, kila mtu na zake mbele yake. Meza inakuwa kama duka la chupa chakavu lakini hakuna anayebishana na chupa. Kama ni bia ya drafti, ile inayotoka kwenye bomba, weka alama za kalamu kwenye kipande cha boksi kilicho chini ya glasi.

Raundi, yaani leo nanunua mimi wote alafu wewe alafu yule, zina mtego wa hesabu. Watu 8 wakianza raundi, kila mtu inabidi anywe bia 8 ili wote watendeane haki. Nane! Mchana! Kama mnapenda raundi vunjeni vikundi vya watatu watatu.

Na kama bosi au mwenye sherehe kasema "leo kwangu", muulize kwa upole pembeni, kwako ni chakula au na vinywaji, na hadi saa ngapi. Mjulishe na weita. Nimeona mtu mzima akipauka uso aliposoma bili ya ofa aliyoitoa kwa furaha.

Hatua ya 7: mmefika, msianze na bia tupu

Karatasi ya oda unayo tayari, mpe weita ileile, mwambie bili zinafungwaje na nani anaruhusiwa kuongeza kwenye chakula. Mtu mmoja tu. La sivyo kila anayepita atasema "ongeza na soseji".

Bia ya kwanza ije pamoja na kitu cha kutafuna. Pombe nyingi inaingia kwenye damu kupitia utumbo mwembamba, na tumbo likiwa na chakula linaifungia kwanza, linaiachia kidogokidogo. Likiwa tupu inapita moja kwa moja. Ndo maana mtu yuleyule anayekunywa tatu usiku baada ya msosi yuko sawa, mchana kabla ya kula moja na nusu tu ameanza kusimulia mambo ya ndoa yake. Ila karanga na vitu vya chumvi vinaongeza kiu, na baa wanajua hilo vizuri, kwa hiyo majagi ya maji yawe mezani tangu mwanzo bila kuombwa.

Hatua ya 8: bia yenyewe

Sio lazima mjue mengi, ila haya yanasaidia.

Rangi sio ukali. Watu wanaikimbia bia nyeusi mchana wakidhani ni kali, wakati Guinness ya drafti ina kama asilimia 4.2 tu, chini ya laga nyingi za rangi ya dhahabu. Weusi unatokana na nafaka iliyokaangwa. Hii bia ya dhahabu inayong'aa ambayo dunia nzima inaifahamu yenyewe ni mgeni kiasi, pilsna ya kwanza ilipikwa na Josef Groll mjini Plzeň, Cheki ya leo, mwaka 1842, kabla ya hapo bia nyingi zilikuwa za kahawia na zenye ukungu. Kwa hiyo soma namba kwenye chupa, usisome rangi.

Kwa chakula: vya kukaanga na vyenye mafuta vinataka laga chungu na yenye gesi, inasafisha mdomo. Nyama ya kuchoma na mchuzi wa masaa mengi vinakaa vizuri na bia ya kahawia au nyeusi kwa sababu ladha ni ndugu, vyote vimepitia moto hadi vikabadilika rangi. Samaki na saladi, bia ya ngano. Na mezani kuwe na kitu kichachu, saladi yenye siki au limao, bila hivyo ikifika sahani ya pili kila mtu amechoka na hajui kwa nini.

Baridi isizidi. Laga nyuzi 4 hadi 7 inatosha, nyeusi na za kahawia 8 hadi 12. Bia iliyoganda haina ladha, na kuna wanaoipenda hivyo hivyo, sawa, ni hela yao. Chupa ya kijani au nyeupe usiiache juani, mwanga unashambulia hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, na ndani ya muda mfupi inaanza kunuka vibaya, ya kahawia inavumilia zaidi. Drafti ikinuka siki au siagi, mabomba hayajasafishwa, hamieni kwenye chupa bila kugombana. Na mapovu yakiwa yameng'ang'ania ukutani mwa glasi kwa ndani, glasi ina mafuta au masalia ya sabuni, omba nyingine.

Hatua ya 9: hesabu ya mchana

Mchana una tatizo ambalo usiku hauna, baada yake kuna kitu. Kuna kazi, kuna kuchukua watoto, kuna kuendesha. Hesabu ni rahisi: mililita mara asilimia, gawa kwa 100, zidisha kwa 0.8, unapata gramu za pombe. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ni gramu 20. Mwili wa watu wengi unaondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kwa hiyo chupa mbili ni masaa manne hadi karibu sita, maana yake ukinywa saa saba, jioni ya foleni bado unayo. Kahawa haisaidii, inakufanya mlevi aliye macho. Kuoga vilevile.

Kiwango cha kisheria cha dereva kinatofautiana, Ujerumani na Ufaransa ni asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, England ni 0.08, Hungaria ni sifuri kabisa, kwa hiyo usitumie ya mahali pengine. Kwa kundi lenye magari mimi naweka sheria moja, dereva ajulikane kabla ya kuagiza na vinywaji vyake analipiwa na abiria wake. Bia zisizo na kilevi saivi zipo nzuri, ila zingine zina hadi asilimia 0.5, kwa mtu asiyetaka hata tone atafute iliyoandikwa 0.0.

Hatua ya 10: kufunga

Tangaza nusu saa kabla: "oda ya mwisho". Baada ya hapo mshika hela anakwenda kaunta mwenyewe, sio mezani kwenye kelele, anasoma bili mstari kwa mstari akilinganisha na chupa. Makosa yapo, mara nyingi ni uchovu wa weita na sio wizi, kwa hiyo uliza kwa sauti ya kawaida. Angalia kama gharama ya huduma imeshaingia kabla hujaacha ya juu. Anayetaka kuondoka mapema alipe vinywaji vyake kabla hajasimama, na karatasi yake ichanwe mbele yake.

Watakaobaki kuendelea, hiyo ni bili mpya. Iandikwe upya, jina jipya, na wewe jina lako lisiwepo.

Chakula kilichobaki kifungwe mapema, sio baada ya masaa matatu ya inzi. Kikikaa mezani zaidi ya masaa mawili kiacheni, na kama ni nje kwenye joto la zaidi ya nyuzi 32, lisaa limoja. Anayekibeba akakipashe hadi kitoe mvuke, na asikisahau kwenye gari.

Jioni tuma picha ya bili na mahesabu kwenye grupu, kilichokusanywa, kilichotumika, kilichobaki, anayedaiwa kwa jina. Na chini yake andika kilichookotwa chini ya meza. Kwetu mara nyingi ni chaja moja na miwani ya jua, na miwani haijawahi kupata mwenyewe.